Sura ya Sita: Majibu Hulala Wapi?

Mwezi Agosti 2016, NPR, redio ya umma ya Marekani, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 23 wasomaji wa tovuti yake hawataweza tena kuandika maoni chini ya habari. Sababu ilitolewa kwa hesabu. Mwezi Julai tovuti ilikuwa imetembelewa na watu karibu milioni 33, maoni 491,000 yakaandikwa, na yote hayo yalitoka kwa watu 19,400 tu, yaani asilimia 0.06 ya wageni wote. Mazungumzo, walisema, yamehamia Facebook na Twitter, na huko ndiko watakakokutana na wasikilizaji wao. Reuters walikuwa wamefanya vivyo hivyo kwa habari zao mwaka 2014. Jarida la Popular Science liliwatangulia wote, Septemba 2013, kwa hoja nyingine: matusi ya watu wachache yalikuwa yanapotosha jinsi wasomaji wengine wanavyoielewa sayansi yenyewe.

Hesabu ya NPR siipingi. Kusoma karibu maoni nusu milioni kwa mwezi ni kazi ya ofisi nzima, na asiyeyasoma hana haki ya kuyachapisha. Ninacholilia ni jambo lililosemwa kwa sauti ndogo mno wakati ule: maandishi yalibaki mahali pake, majibu yake yakaenda kukaa kwenye mashine za kampuni zisizo na deni lolote kwa mwandishi wala kwa msomaji. Habari ya mwaka 2016 bado ipo, ukiitafuta utaisoma. Yaliyosemwa juu yake hayapo, au yapo mahali ambapo hutafika mpaka ufungue akaunti.

Aliyedhani kampuni zingeyatunza majibu hayo na aitazame Google+, mtandao wa kijamii wa Google. Mwaka 2013 Google ilimruhusu kila mwenye ukurasa wa Blogspot, mtambo uleule uliowabeba waandishi wengi wa mwanzo wa Kiswahili kwenye intaneti, ayaonyeshe majibu ya Google+ chini ya maandishi yake. Msomaji akijibu kwenye mtandao wa kijamii, jibu linaonekana kwenye makala. Akijibu kwenye makala, linaonekana kwenye mtandao. Wengi waliona tatizo limekwisha. Kisha mtandao wenyewe ukafungwa. Februari 2019 majibu hayo yaliondolewa Blogspot, Machi yakaondolewa kwenye tovuti nyingine zilizokuwa zimeyakaribisha, na tarehe 2 Aprili kazi ya kufuta kila kitu ikaanza. Miaka sita ya watu kuulizana, kusahihishana na kupeana pole ilitoweka, na maandishi waliyokuwa wakiyajibu yakabaki peke yake, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuyasoma.

Sura hii inahusu watu waliokataa hali hiyo. Wanataka mambo mawili kwa pamoja: msomaji ajibu kule anakokaa, kwenye mtandao wake, kwa jina lake la siku zote, na jibu hilo lionekane pia chini ya maandishi liliyoyajibu. Naamini wana haki ya kulitaka hilo. Naamini vilevile kwamba wengi wao wameitazama sana mitambo, wakamtazama kidogo mno mtu anayejibu.

*

Jaribio la kwanza ni la mwaka 2002. Kampuni ndogo ya Six Apart, ya mtu na mkewe, Ben na Mena Trott, iliongeza kwenye programu yao ya Movable Type kitu walichokiita Trackback. Mimi nikiandika kwenye tovuti yangu juu ya makala yako, mashine yangu inaiarifu yako, na chini ya makala yako unatokea mstari unaomwambia msomaji kwamba kuna mtu amekujibu kule. Kila mmoja anaandika kwake, na uzi unaonekana kotekote. Kwa uzuri wa wazo, sijaona la kulishinda.

Liliuawa na wauza dawa na wachezesha kamari. Trackback haikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba ukurasa uliotajwa unakutaja kweli, basi mashine za matangazo zikaanza kutuma taarifa za uongo kwa maelfu, na watu wakafunga milango. Ilichukua miaka mingi kurekebisha kosa hilo kwa utaratibu rasmi. Tarehe 12 Januari 2017 chombo kinachosimamia kanuni za intaneti, W3C, kilipitisha itifaki ya Webmention, ambayo kabla ya kupokea taarifa huenda kwanza kuutazama ukurasa uliotajwa, ihakikishe kiungo kipo. Jambo dogo, lakini ndilo lililokuwa likikosekana.

Webmention peke yake ilitosha kwa wenye tovuti. Watu wengi hawana tovuti, wana akaunti. Hapo ndipo ilipofaa huduma iitwayo Bridgy, iliyojengwa na Mmarekani Ryan Barrett, iliyokuwa ikipita Facebook, Twitter na kwingineko, ikiokota majibu ya watu na kuyapeleka kwenye tovuti ya mwandishi. Ilitegemea milango ambayo kampuni hizo ziliiachia programu za nje. Mwaka 2018, baada ya kashfa ya Cambridge Analytica, Facebook iliibana milango yake na Bridgy ikakosa pa kupita. Mwaka 2023 Twitter, chini ya mwenye mali mpya, ilianza kuutoza fedha mlango uliokuwa wa bure, nako kukawa mwisho. Tovuti ambazo kwa miaka mingi zilionyesha majibu ya Twitter ziliacha kupata mapya.

Kilichobadilisha mambo ni mitandao ambayo haina mwenyewe mmoja. Oktoba 2016 kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa Mastodon, programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake na kuwaandikisha watu wake. Seva hizo huzungumza kwa itifaki moja, ActivityPub, iliyopitishwa na W3C tarehe 23 Januari 2018, hivyo mtu wa seva ya Nairobi anaweza kumjibu wa seva ya Berlin bila kuhama kwake. Na kwa kuwa machapisho ya hadharani ni ya hadharani kwelikweli, yeyote anaweza kuyaomba kwa seva bila ufunguo na bila malipo. Bluesky, iliyofungua milango kwa watu wote Februari 2024, inatumia itifaki tofauti, ila katika jambo hili la kuomba uzi na kupewa, inafanana nayo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme umeandika makala juu ya bei ya mkaa Dar es Salaam na kuiweka kwenye tovuti yako. Unachapisha Mastodon sentensi moja au mbili na kiungo cha makala. Chapisho hilo lina namba yake. Unaichukua namba, unaiandika kwenye faili la makala. Ndani ya ukurasa unaweka msimbo mfupi wa JavaScript. Msomaji akifungua makala, kivinjari chake kinakwenda kwenye seva yako ya Mastodon na kuomba kila kitu kilicho chini ya namba ile. Seva inarudisha orodha: nani kasema, lini, maneno gani, na anamjibu nani. Msimbo unayapanga majibu, kila moja chini ya lile lililolizaa, na kuweka kiungo cha kwenda kwenye asili yake. Msomaji akitaka kuongeza lake, anakwenda kulisema huko, kwa akaunti yake. Wewe hutunzi nywila ya mtu wala hifadhidata, na mlango wa wauza dawa haupo kwako.

Anayetumia WordPress ana njia nyingine. Kuna programu-jalizi iitwayo ActivityPub, iliyoandikwa na Mjerumani Matthias Pfefferle na kuchukuliwa na kampuni ya Automattic mwaka 2023. Hiyo huigeuza tovuti yenyewe kuwa akaunti: watu wa Mastodon wanaifuata, makala mpya inawafikia, na wakiijibu, jibu linaingia kwenye tovuti na kuhifadhiwa humo kama maoni mengine yoyote.

Zipo kasoro ambazo mwenye kuanza azijue mapema. Asiyejitambulisha kwa akaunti, Mastodon humpa majibu 60 tu ya uzi mmoja, na haifuati uzi zaidi ya ngazi 20. Makala ikipata mjadala mkubwa, sehemu itakatika kimyakimya. Pili, seva inajua majibu yaliyoifikia tu. Mtu wa seva ya mbali akimjibu mtu mwingine wa seva ya mbali, huenda mazungumzo hayo yasifike kwako kabisa, nawe ukadhani watu wamenyamaza. La tatu ni la usalama, na hili naomba lisipuuzwe: maneno yanayokuja yameandikwa kwa HTML na seva usiyoijua, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kujaribu kuficha ndani yake msimbo utakaofanya kazi kwenye vivinjari vya wasomaji wako. Lazima yasafishwe kabla ya kuonyeshwa. Ipo maktaba huria ya kazi hiyo, DOMPurify, na hakuna sababu ya kuiacha.

*

Baina ya njia hizo mbili, ya kuomba majibu kila ukurasa unapofunguliwa na ya kuyahifadhi kwako, ipo tofauti ambayo wataalamu huizungumza kama suala la kasi na nafasi ya diski. Mimi naiona kuwa suala la utu.

Unapoomba upya kila mara, jibu linabaki mikononi mwa aliyelisema. Akilifuta kule, kesho halipo kwako. Akisahihisha neno, linasahihika na kwako. Akiifunga akaunti yake, akaondoka kwenye mtandao, anaondoka na maneno yake yote. Wewe umefungua dirisha tu. Unapohifadhi, umechukua nakala. Itifaki ya ActivityPub ina ujumbe wa kufuta, na programu nzuri huutii, lakini ujumbe huweza kupotea njiani, seva huweza kuzimwa kabla ya kuutuma, na nakala ya akiba ya mwezi uliopita haiulizi mtu chochote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu anayejibu kwenye mtandao wa kijamii ana picha kichwani ya watu anaozungumza nao. Anawajua wafuasi wake, anajua desturi za seva yake, anajua nani atamcheka na nani atamtetea. Chapisho ni la hadharani, ndiyo, lakini watu hawasemi sokoni wanayoyasema msibani, ingawa pote pawili pana umati. Ukilichukua jibu lake ukaliweka chini ya makala itakayosomwa na mwajiri wake, mkwewe na ofisa wa usalama, umebadilisha hadhira yake bila kumwambia.

Februari 2024 jambo hili lilizua ugomvi mkubwa. Barrett, yuleyule wa Bridgy, alikuwa anajenga Bridgy Fed, daraja la kuyafanya machapisho ya hadharani ya Mastodon yaonekane Bluesky na ya Bluesky yaonekane Mastodon. Katika mpango wa awali kila mtu alikuwa ndani mpaka aombe kutolewa. Watu wa Mastodon walichachamaa. Wengi walikuwa wamekimbilia huko kwa kuchoshwa na mitandao inayobeba maneno yao popote inapotaka, na sasa waliona yanabebwa tena, safari hii na rafiki. Yeye alisikiliza, akaupindua utaratibu: hakuna anayevushwa mpaka aseme anataka kuvushwa. Nimesoma waliomtetea kwa hoja kwamba cha hadharani ni cha hadharani. Kisheria huenda wana hoja. Ila mtu akikuambia hakutegemea maneno yake yafike pale, kumwonyesha mpangilio wa akaunti yake ni jibu la mashine.

Kwetu Afrika Mashariki hatari hii si ya kufikirika. Desemba 2016 waanzilishi wa jukwaa la mijadala la JamiiForums, Maxence Melo na Mike Mushi, walifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa mashtaka chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kiini chake kilikuwa kukataa kuwapa polisi taarifa za waliochangia nyuzi zao. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye tovuti awe na leseni ya zaidi ya shilingi milioni mbili, na kumpa wajibu wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa. Juni mwaka huo JamiiForums yenyewe ilifungwa kwa muda. Mwandishi anayeleta majibu ya watu kwenye ukurasa wenye jina lake, chini ya makala ya siasa, akumbuke kwamba anawaleta wenye majibu, pamoja na majina na picha zao, mahali ambapo mamlaka inatazama zaidi. Na mengi ya hayo majina ni ya watu wasio na wakili.

*

Mwenye ukurasa naye ana lake la kuogopa. Hapa nitakwenda Estonia, kwa sababu kesi iliyotoka huko ndiyo iliyolifanya suala hili kuwa la wanasheria dunia nzima.

Wakati wa baridi kali, bahari kati ya Estonia bara na visiwa vyake huganda, na magari hupita juu ya barafu. Barabara hizo ni za bure. Feri ni ya nauli. Tarehe 24 Januari 2006 tovuti ya habari ya Delfi iliandika kwamba kampuni ya feri, SLK, imevunja barafu mahali zilipokusudiwa kupita barabara hizo. Watu walikasirika. Katika siku mbili yalikuwepo maoni 185 chini ya habari, na yapata 20 kati yake yalikuwa vitisho na matusi mazito dhidi ya mwenye hisa nyingi wa kampuni. Wiki sita zikapita. Mawakili wake waliandika barua, na Delfi ikayafuta siku ileile.

Mahakama za Estonia zilisema kufuta hakutoshi. Delfi ni biashara, iliyaalika maoni hayo, ilifaidika na wingi wake, na matusi yenyewe yalikuwa wazi mno kiasi kwamba haikuhitaji barua ya wakili kuyatambua. Iliamriwa kulipa kroon 5,000, sawa na euro 320 hivi. Kwa tovuti kubwa kama ile hizo ni fedha za chai. Lakini Delfi ilijua kinachopiganiwa ni kanuni, ikaenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na tarehe 16 Juni 2015 Baraza Kuu la mahakama hiyo likasema haki yake ya kujieleza haikuvunjwa. Miezi minane baadaye, katika kesi ya Hungary, mahakama hiyohiyo iliwapa ushindi wenye tovuti: maoni yalikuwa machafu, ila hayakuwa vitisho wala chuki. Na tarehe 15 Mei 2023, katika kesi ya mwanasiasa wa Ufaransa aliyeacha maneno ya chuki ya watu wengine yakae kwenye ukuta wake wa Facebook, ilikubali kwamba adhabu aliyopewa nchini kwake ilikuwa halali, ingawa maneno hayakuwa yake.

Hizo ni sheria za Ulaya, na huku kwetu kila nchi ina zake. Lakini swali walilojiuliza majaji ni lile ambalo kila mwenye ukurasa atakutana nalo popote alipo: nani aliyeyaweka maneno haya mbele ya macho ya watu? Mtu akimtukana jirani yako Mastodon, amemtukana Mastodon. Msimbo wako ukilichukua tusi hilo na kulionyesha chini ya makala yako, limeonyeshwa na wewe. Utasema ni mashine iliyolileta. Mashine aliiweka nani?

Ndiyo maana sikubaliani na msimbo unaoleta kila kitu. Mifano mingi inayozunguka kwenye intaneti, ambayo watu huinakili na kuibandika, huchukua uzi mzima bila kuuliza. Anayeitumia angalau aongeze mistari michache: orodha ya majibu ya kuficha, orodha ya akaunti za kuzuia, na, bora kuliko zote, sharti kwamba jibu lisionyeshwe mpaka mwandishi aliguse na kulikubali. Mastodon yenyewe inatoa njia rahisi ya kufanya hivyo. Mwandishi akiliwekea jibu alama ya kulipenda, msimbo unaweza kuiuliza seva ni akaunti zipi zimelipenda, na kuyaonyesha yale tu ambayo akaunti yake imo. Hakuna kilichozuiwa kusemwa. Uzi mzima uko palepale ulipo, na kiungo cha kwenda kuusoma kipo. Kwenye ukurasa wako yanakaa yale uliyoyasoma.

*

Waliowahi kusoma ushairi wa magazetini watakuwa wameshaona ninakoelekea. Tangu Mambo Leo lilipoanza Tanganyika, Januari 1923, kurasa za mashairi zilikuwa mahali pa kuulizana na kujibizana. Malenga wa Tanga aliuliza fumbo, na baada ya mwezi au miwili wa Lindi akalifumbua, kisha wa tatu akaja kusema wote wawili wamekosea. Magazeti yaliyofuata yaliendeleza desturi hiyo, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, malumbano ya wanamapokeo na wanamabadiliko yalipata uwanja uliokuwa umetayarishwa zamani.

Utaratibu wake ulikuwa na mambo ambayo wajenzi wa programu wa leo wanayatafuta kwa shida. Mwenye kujibu alijua anajibu gazetini. Aliipeleka barua yake mwenyewe, hakuna aliyemfuata barazani kwao kuyaokota maneno yake. Aliweka jina na mji, au lakabu aliyoichagua. Mhariri aliisoma kabla ya kuichapisha, na ikileta balaa lilikuwa lake. Zaidi ya hayo, desturi ilimtaka mwenye kujibu afuate vina na mizani ya shairi analolijibu, na mara nyingi hata kibwagizo chake. Huwezi kufanya hivyo bila kulisoma shairi la mwenzako mpaka mwisho, kulihesabu, na kukaa nalo. Sijui kanuni nyingine yoyote ya mjadala iliyomlazimisha mtu kusikiliza kwa namna ile.

Na majibu hayo hayakupotea. Yalichapwa katika gazeti lilelile, yakajalidiwa pamoja na maswali yake. Anayefungua jalada la mwaka fulani leo hii anaukuta mjadala wote. Google haikuweza kuyatunza hivyo majibu ya watu wake kwa miaka saba.

Sipendekezi tujibizane kwa mashairi, ingawa ningefurahi sana. Ninasema kwamba swali la jinsi ya kulileta jibu lisiloandikwa kwako likae na maandishi yako lilishawahi kupata majibu mazuri, na yote yalianza na ridhaa ya mwenye kujibu na macho ya mhariri. Msimbo wa JavaScript unafanya kazi ya tarishi. Kazi ya mhariri bado inamsubiri mtu.

*

Limebaki jambo ambalo wajenzi wa Ulaya na Marekani hawalizungumzi, kwa sababu kwao si kubwa. Huku kwetu majibu mengi, na yaliyo bora, hayaji Mastodon wala Bluesky. Yanakuja WhatsApp. Makala juu ya bei ya mkaa itarushwa kwenye kundi la wanakijiji, kundi la waliosoma pamoja, kundi la ukoo. Humo ndimo atakamotokea mzee aliyefanya kazi ya misitu, aseme kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne mambo ambayo mwandishi hakuyajua. Hakuna itifaki itakayoutoa ujumbe huo, na isiwepo. Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa fumbo kutoka simu hadi simu, na kundi la ukoo ni la ukoo.

Huwa zinapigwa picha za skrini, jina likiwa limefutwa nusu, na kubandikwa chini ya maandishi kama ushahidi kwamba watu wameitikia. Mimi nalipinga hilo moja kwa moja. Mwandishi amtafute mzee yule. Aanze na shikamoo, ajitambulishe, amweleze kwamba yale aliyoyasema yanaisahihisha makala, amwombe ruhusa ya kuyaandika, amuulize atajwe kwa jina gani au asitajwe, kisha amsomee alivyoyaandika kabla ya kuyachapisha. Inachukua siku mbili au tatu. Mara nyingi mzee ataongeza mengine, na haya ya pili ndiyo yatakayokuwa na uzito.

Njia hiyohiyo inafaa hata kwa majibu ya Mastodon, pale mwandishi anapotaka yadumu. Seva hizi huendeshwa na watu binafsi, na watu huchoka. Mastodon.technology, seva iliyokuwa na wataalamu wengi wa kompyuta, ilizimwa mwishoni mwa 2022 baada ya msimamizi wake kutangaza kwamba hawezi kuendelea. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza anwani yake ghafla, kwa kuwa herufi za mwisho wa anwani hiyo ni za Afghanistan na mamlaka ya huko chini ya Taliban iliisimamisha. Dirisha nililolisifu hapo juu linaonyesha kilichopo. Chumba kikibomolewa, dirisha halionyeshi kitu.

Basi ninachowashauri wanaoniuliza ni kufanya yote mawili, kila moja kwa kadiri yake. Majibu ya kila siku yaachwe kwa wenyewe, yaombwe upya kila ukurasa unapofunguliwa, yaje na yaende. Yale machache yanayoibadilisha makala, jibu la mtu aliyekuwepo, sahihisho la takwimu, swali lililomshinda mwandishi, mwenyewe aombwe ruhusa. Akikubali, maneno yake yaandikwe ndani ya faili lilelile la makala, kwa jina alilolichagua, tarehe aliyoyasema, na kiungo cha aliposemea, pamoja na mstari unaosema aliridhia lini. Faili likihamishwa kwenda tovuti nyingine, au likichapwa kitabuni, jibu linakwenda nalo. Akikataa, uzi uachwe kule uliko.

Na akirudi mwaka ujao akasema amebadili mawazo, mstari unafutwa siku hiyohiyo, na kwenye kila nakala ya akiba ambayo mkono wa mwandishi unaifikia.